Mayai ya Kujaza kwa Mwenye Ugonjwa wa Sukari

Huenda baadhi yenu mtacheka mkiona mvulana wa miaka 19, wa kidato cha sita, anaandika habari za kupika mayai katika gazeti la shule. Hata wenzangu wa bweni walicheka. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho, maana jambo hili nilijifunza kwa ajili ya baba yangu mwenyewe, na siku moja kosa langu lilikuwa karibu kututia sote katika msiba. Tena naamini kwamba wengi miongoni mwenu, hasa ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, mnaye mtu nyumbani mwenye ugonjwa wa sukari.

Baba yangu alikuwa askari polisi kwa miaka mingi, ndiyo sababu nyumbani kwetu twasema Kiswahili pamoja na Kikiga. Alipostaafu alirudi kwetu Kabale kulima viazi. Mwaka 2023 alianza kukonda, akawa anakunywa maji mengi mno na kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Alipopimwa aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa sukari. Kwanza alipewa vidonge, na baadaye daktari akamwongezea insulini ya kujichoma asubuhi na jioni.

Sindano hazikumsumbua sana baba. Kilichomsumbua ni chakula. Sisi kwa hofu tulimtengea sahani yake mbali na sahani zetu, haina chumvi, haina mafuta, haina ladha yo yote. Wageni walipofika, yeye aliondoka mezani akaenda kukaa uani. Siku moja alimwambia mama, “Nimewalinda wafungwa miaka mingi, sasa mimi mwenyewe napewa chakula kama mfungwa.” Neno hilo lilinichoma moyo. Nikaazimia kwamba likizo ile nitafute chakula kimoja ambacho baba aweza kula na wageni wake katika sahani moja.

UGONJWA WENYEWE

Kabla ya kuingia jikoni yatupasa tuelewe jambo tunalopambana nalo. Tukila wanga, kama viazi, ndizi, posho au mkate, tumbo huugeuza kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kama ya ufunguo: huifungulia sukari mlango iingie katika chembe za mwili itumike. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu kongosho haitoi insulini, au yatoa kidogo mno. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, insulini ipo lakini mwili hauitii vizuri, na baada ya miaka kongosho nayo huchoka. Sukari hubaki katika damu, na ikikaa hivyo muda mrefu huharibu macho, mafigo, mishipa na miguu.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa ya kweli. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini kutoka katika kongosho za mbwa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa dawa hiyo. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakiwanyima watoto kama yeye chakula ili waishi siku chache zaidi. Naandika haya ili tukumbuke kwamba kumnyima mgonjwa chakula si matibabu ya zama zetu. Siku hizi kazi yetu ni kupima na kuchagua.

MAYAI HAYA YALITOKA WAPI

Kule Uingereza na Marekani kuna chakula cha mayai yaliyochemshwa, yakakatwa vipande viwili, kiini kikapondwa pamoja na viungo vikali, kisha kikarudishwa mahali pake. Mapishi ya namna hii ni ya kale. Hata Warumi wa zamani walikula mayai ya kuchemsha yenye mchuzi wa viungo. Waingereza tangu karne ya 18 walikuwa wakikiita chakula chenye pilipili au haradali nyingi kwa jina la shetani, kwa sababu ya ule moto wake kinywani. Basi Kiingereza huyaita mayai haya “mayai ya shetani.” Nilipomwambia mpishi wetu wa shule jina hilo, aliniuliza kama Padre anajua ninayopika. Tangu siku ile nayaita mayai ya kujaza.

Baba aliyala mara ya kwanza katika arusi mjini Kampala, kabla hajaugua, akayapenda sana. Lakini mayai yale ya arusi hujazwa mayonezi nyingi, ambayo ni mafuta na viini vya mayai, na mara nyingine hutiwa achari ya sukari au sukari yenyewe. Mimi nilitaka ladha ile bila ya mizigo hiyo.

KWA NINI YAI LAFAA

Yai moja kubwa, la gramu 50 hivi bila ganda, lina protini kadiri ya gramu 6, mafuta kadiri ya gramu 5, na wanga usiofika gramu 1. Kwa hiyo yai peke yake halipandishi sukari sana, tena hushibisha. Lakini jambo la pili lisisahauliwe: kolesteroli yote ya yai imo katika kiini, kama miligramu 186 katika yai moja, na mwenye ugonjwa wa sukari yampasa autunze moyo wake kuliko watu wengine. Mayonezi nayo, kijiko kimoja kikubwa kina mafuta kadiri ya gramu 10. Hivyo niliondoa mayonezi yote, nikapunguza viini, na mahali pake nikatia parachichi na maziwa ya mgando. Mafuta ya parachichi ni ya aina nzuri kwa moyo, na sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi zisizogeuka kuwa sukari.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa vipande 12:
Mayai 6.
Nusu ya parachichi lililoiva.
Vijiko vikubwa 2 vya maziwa ya mgando mazito, yasiyotiwa sukari.
Kijiko kidogo 1 cha haradali ya chupa. Soma maandishi ya chupa kwanza, maana nyingine zimetiwa sukari au asali. Ukikosa haradali, tumia binzari kidogo na pilipili manga.
Vijiko vidogo 2 vya maji ya limau.
Kitunguu kidogo nusu, na majani ya dhania, vyote vikatwe vidogo sana.
Chumvi robo ya kijiko kidogo, isizidi. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja katika vyakula vyote.
Pilipili nyekundu ya unga, ya kunyunyiza juu.

JINSI YA KUFANYA

1. Chagua mayai. Yaweke katika bakuli la maji. Yai lililolala chini ni jipya. Lililosimama wima ni la siku nyingi kidogo. Linaloelea ni la zamani sana, liache. Sababu yake ni kwamba ganda lina vitundu vidogo, na kila siku maji kidogo hutoka na hewa huingia. Kwa kazi hii yai la siku saba au kumi ni bora kuliko lililotagwa leo, kwa maana yai jipya kabisa likichemshwa hung’ang’ania ganda, nawe utalimenya kwa machozi.

2. Chemsha. Yatie mayai katika sufuria, mimina maji baridi yayafunike kwa kina cha vidole viwili, kisha weka juu ya sigiri. Hapa sisi wa milimani yatupasa kuangalia. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kampala, kadiri ya mita 1,200 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kabale, kadiri ya mita 2,000, ni nyuzi 93 hivi. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa na watu wa nchi za chini, nao husema dakika 10. Mimi nilijaribu yai moja moja: la dakika 10 kiini chake kilikuwa bado laini katikati, la dakika 12 karibu, la dakika 14 limekuwa gumu barabara. Basi kwetu hesabu dakika 14 tangu maji yaanze kuchemka, kwa moto wa kiasi. Mgonjwa asipewe yai lenye kiini kibichi, maana laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

3. Poza upesi. Mwaga maji ya moto, tia maji baridi mara mbili tatu. Usipofanya hivyo, au ukichemsha mno, kiini huzungukwa na utepe wa rangi ya kijani. Wanafunzi wa kemia watafahamu: ni chuma cha kiini kilichokutana na salfa ya ute. Hakidhuru mtu, lakini hakipendezi machoni.

4. Menya na kukata. Gonga yai pande zote, anza kumenya upande wa kichwa kinene palipo na hewa, ndani ya maji. Kata kwa urefu kwa kisu kikali kilicholowa maji.

5. Tengeneza kijazo. Toa viini vyote sita, lakini tumia vinne tu. Viwili wape watoto. Viponde kwa uma mpaka viwe kama unga. Ponda parachichi mbali pamoja na maji ya limau, ambayo hulizuia lisigeuke rangi kuwa jeusi. Changanya vyote viwili, tia maziwa ya mgando, haradali, kitunguu, dhania na chumvi. Onja. Ukiona kijazo ni chepesi sana, usiongeze kiini. Ongeza parachichi kidogo.

6. Jaza. Tumia kijiko kidogo, au tia kijazo katika mfuko safi wa nailoni, kata ncha ya pembe moja, ukamue kama wafanyavyo watengeneza keki. Nyunyiza pilipili juu. Kama hamna friji, tengeneza kiasi cha kuliwa wakati ule ule. Yasikae nje zaidi ya saa mbili.

Nilipiga hesabu ya wanga wa vitu vyote hivi nikagawanya kwa 12. Kipande kimoja kina kadiri ya gramu 1 tu. Nilifurahi sana kwa hesabu yangu, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

KOSA LANGU

Asubuhi ya pili, baba alijichoma insulini yake kama kawaida. Desturi yake ilikuwa kula viazi vitamu viwili vidogo na maharagwe baada ya sindano. Mimi nikamwambia, “Baba, leo acha viazi, viazi ni sukari. Kula haya.” Nikampa vipande sita vya mayai. Alikula kwa furaha, akanisifu, akaenda shambani.

Kabla ya saa tano mama aliniita kwa sauti ya hofu. Baba alikuwa amekaa chini kando ya tuta, jasho lamtoka ingawa kulikuwa na baridi, mikono yatetemeka. Aliniita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa. Nilikimbia nikaleta mashine ndogo ya kupimia sukari. Ilisoma 2.9. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ikishuka chini ya 4 ni hatari.

Nakiri mbele yenu kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kumletea mayai yaliyobaki. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba sukari ndiyo adui, na mayai ndiyo rafiki. Mama, ambaye hakusoma kama mimi, alinisukuma kando. Alikoroga vijiko vidogo vitatu vya sukari vilivyojaa katika nusu kikombe cha maji, akamnywesha baba polepole, maana alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya dakika 15 tulipima tena, ikawa 4.4. Ndipo akampa kiazi. Baada ya muda baba alinitazama akasema, “Wewe kijana, ulitaka kuniua kwa usomi?” Alisema kwa mzaha, lakini mimi nililia.

Siku ya kliniki nilimweleza muuguzi yote bila kuficha. Hakunikemea. Alinifundisha hivi: insulini ya baba ilipimwa na daktari kulingana na chakula chake cha kila siku. Ukiondoa wanga na kuiacha sindano vile vile, dawa itaikuta damu haina sukari ya kutosha, nayo itaishusha mno. Yai halina wanga wa kuizuia. Kadhalika sukari iliposhuka, yai halisaidii lo lote. Mgonjwa ataka sukari inayoingia katika damu upesi, kadiri ya gramu 15, kama sukari katika maji au maji ya matunda, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa amezimia asinyweshwe kitu, asije akapaliwa. Apelekwe hospitali mara moja.

MAMBO YA KUSHIKA

Tangu siku ile twafuata sheria hizi, nami nawaachia nanyi.

Kwanza, mayai haya huchukua mahali pa nyama au samaki, hayachukui mahali pa viazi. Muuguzi alituchorea sahani: nusu yake mboga za majani, robo wanga, robo protini. Mayai ni katika ile robo ya mwisho. Sisi twampa baba vipande viwili au vitatu, pamoja na kiazi chake na sukumawiki.

Pili, mtu asibadilishe kiasi cha insulini wala vidonge, wala chakula kwa ghafula, bila kumwuliza daktari au muuguzi. Idadi ya mayai kwa juma nayo yafaa kuulizwa, kwa maana watu hawalingani kwa kolesteroli.

Tatu, nyumba yenye mtu anayetumia insulini isikose sukari kidogo mahali panapojulikana na kila mtu, hata mtoto. Nasi tuliodhani sukari ifukuzwe kabisa nyumbani tulikosea. Baba sasa hutembea na kipakti kidogo cha sukari mfukoni.

Nne, chakula cha mgonjwa kiwe kizuri kiasi cha kuliwa na wote. Hili ndilo lililonifanya nianze, na hili halikuwa kosa.

Mwisho wa likizo rafiki wawili wa baba, askari wastaafu kama yeye, walikuja kutuamkia. Mama alipika viazi, maharagwe na mboga, nami nikaleta sahani ya vipande 24 vya mayai ya kujaza. Baba hakwenda uani. Alikaa katika kiti chake mezani, akajipakulia kiazi kimoja na vipande viwili, akawaambia wenzake, “Haya ameyafanya huyu. Kuleni, ila mimi nina hesabu yangu.” Mmoja wao alikula vipande saba, kisha akamwuliza baba kwa sauti ya chini habari za kiu inayomsumbua usiku. Juma lililofuata walikwenda pamoja kliniki akapimwe.

Basi, ndugu zangu, wahenga walisema mchele mmoja mapishi mengi. Yai nalo ni lile lile la arusini. Upishi na kipimo ndivyo vyatofautiana. Jaribuni likizo ijayo, lakini kabla hamjamwandalia mgonjwa wenu, mwulizeni kwanza dawa gani ameimeza au kujichoma asubuhi ile. Mimi sikuuliza, na nusura nimpoteze baba.